Siku za kushika mimba: Hesabu kutoka mwisho, si mwanzo

WENGI wetu tuliopitia shule za humu nchini tulifunzwa katika somo la bayolojia kwamba yai la mwanamke huachiliwa siku ya 14. Mwalimu alichora duara ubaoni, akaligawa sehemu 28, kisha akatia alama katikati. Mchoro huo ndio watu wengi huingia nao katika ndoa, na ndio unaowapotezea muda mke na mume wanaotafuta mtoto.

Mke huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Siku ya 14 ikiwadia humwomba mume arudi nyumbani mapema, na usiku huo ukipita wote wawili huona wamemaliza kazi ya mwezi. Hedhi huja. Mwezi wa pili ni vivyo hivyo, na wa tatu. Mwaka ukipita mama mkwe huanza kuuliza maswali, mawifi huanza kunong'ona, na hakosekani jirani amjuaye mganga wa mizizi ambaye amesaidia watu. Nimeziona ndoa zikitikisika kwa hesabu mbovu tu, ilhali mke na mume wote ni wazima.

Makala haya yanaeleza kwa nini hesabu hiyo huwakosesha wengi, na jinsi ya kuzitambua siku zenyewe. Si jambo linalohitaji fedha nyingi. Kalenda ya ukutani, kalamu, na subira ya miezi kadhaa vyatosha kwa kuanzia.

Nusu mbili zisizolingana

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile siku damu inapoanza kutoka sawasawa. Matone yanayotangulia hayahesabiwi. Siku ya mwisho ni ile ya kuamkia hedhi inayofuata. Kuna wanawake wenye mzunguko wa siku 24, wengine 28, wengine 35. Siku hizi sisi madaktari huuhesabu mzunguko wa kati ya siku 24 na 38 kuwa wa kawaida, kwa hivyo yule wa siku 28 ni mmoja tu kati ya wengi.

Mzunguko huo una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutuma homoni zinazoamsha mayai machache ndani ya ovari. Moja huyashinda mengine, hukomaa, na kifuko chake hupasuka likatoka na kuingia kwenye mrija wa uzazi. Katika sehemu ya pili, kifuko hicho kilichobaki hutoa homoni iitwayo projesteroni, ambayo huutayarisha mfuko wa uzazi kupokea mimba. Mimba isipotunga, kifuko hunyauka, projesteroni hushuka, na damu hutoka.

Jambo la kushika hapa ni kwamba sehemu ya pili haibadiliki sana. Uhai wa kifuko kile una kikomo, na kwa wanawake wengi ni kama wiki mbili. Ile ya kwanza ndiyo hurefuka na kufupika. Yaweza kuchukua siku 10 kwa mwanamke mmoja na siku 21 kwa mwenzake. Hata kwa mwanamke yuleyule, mwezi wa safari nyingi, homa kali au msiba unaweza kulichelewesha yai kwa juma zima.

Daktari Kyusaku Ogino wa Japani aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1924. Miaka michache baadaye daktari Hermann Knaus wa Austria alifikia matokeo yanayofanana na hayo kwa njia yake mwenyewe. Ogino aliona kwamba yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Tazama neno "kabla". Yeye alihesabu akirudi nyuma, na sisi tukafunzwa kuhesabu tukienda mbele.

Sasa piga hesabu. Mwenye mzunguko wa siku 28 akiondoa 14 hupata siku ya 14, kwa hivyo huyo mwalimu hakumdanganya. Mwenye mzunguko wa siku 35 hupata siku ya 21. Akikutana na mumewe siku ya 14 pekee, amewahi mno kwa wiki nzima. Naye mwenye mzunguko wa siku 24 hupata siku ya 10, na siku ya 14 ikifika yai lake limekwisha kufa.

Mbegu husubiri, yai halisubiri

Yai likitoka huishi kwa saa zisizozidi 24, na aghalabu ni chini ya hapo. Mbegu za kiume nazo, zikipata ute mzuri kwenye mlango wa mfuko wa uzazi, zaweza kuishi hadi siku 5. Kwa hivyo mpango ulio bora ni mbegu ziwe zimefika na kungoja. Wanaosubiri wahakikishe kwanza kwamba yai limetoka ndipo wakutane, mara nyingi huwa wamechelewa.

Hili lilipimwa kwa makini na watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1995. Waliwafuata wanawake 221 wa North Carolina waliokuwa wakitafuta mtoto, wakapima mkojo wao kila siku na kuandika siku walizolala na waume zao. Mimba zote zilitokana na siku 6: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Hakuna iliyotokana na siku za baadaye. Aliyekutana na mumewe siku 5 kabla alikuwa na nafasi ya karibu 10 kwa 100 ya kushika mimba, na nafasi hiyo ilipanda hadi karibu 33 kwa 100 siku yai lilipotoka.

Mwaka wa 2000 watafiti hao walionyesha jambo lingine. Ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote 6 za rutuba huangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko. Waliosalia hupata baadhi ya siku hizo mapema zaidi au kwa kuchelewa.

Hebu pia tuitazame ile asilimia 33. Maana yake ni kwamba hata mke na mume wazima, wakikutana siku iliyo bora kabisa, mara mbili kati ya tatu mimba haitatunga mwezi huo. Hedhi ikija baada ya mwezi mmoja wa kufuata maagizo haya si ishara ya ugonjwa.

Kuandika kalenda

Andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi kwa muda wa miezi 6 hivi. Ukishapata orodha hiyo, tafuta mzunguko mfupi kuliko yote, toa 18. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya rutuba. Kisha chukua mrefu kuliko yote, toa 11. Hiyo ndiyo ya mwisho. Mathalani, mfupi ukiwa wa siku 26 na mrefu siku 31, hesabu itakupa kuanzia siku ya 8 hadi ya 20.

Siku 13 ni nyingi, msomaji ataniambia. Ni kweli. Kalenda huweka ua mpana kuzunguka shamba dogo. Lakini mke na mume wakikutana kila baada ya siku moja ndani ya ua huo, hawawezi kuzikosa siku zenyewe. Hata nitasema wazi kwamba wanaoishi chini ya paa moja na kulala pamoja kila siku ya pili au ya tatu, mwezi mzima, hawahitaji hesabu hizi hata kidogo. Kwao kalenda huleta wasiwasi tu, na mume anayeambiwa "ni leo, lazima" huweza kushindwa usiku uleule anaohitajika.

Wanaozihitaji ni wengine: wenye mzunguko mrefu au usiotulia, wanaofanya kazi za zamu ambao mmoja huingia mwenzake akitoka, na zaidi ya wote, wale wanaoishi mbalimbali.

Mume wa mwisho wa mwezi

Nchini kwetu hawa ni wengi mno, nao huandikwa kwa nadra. Mume ni bawabu au dereva Mombasa, mke yuko Bungoma akitunza nyumba na shamba. Mume hupanda basi akishapata mshahara, hukaa nyumbani siku tatu nne, kisha hurudi kazini.

Mama mmoja wa aina hiyo aliletwa kwangu na dada yake. Walikuwa wametafuta mtoto kwa mwaka mzima na tayari jina la tasa lilikuwa likisemwa nyuma ya mgongo wake. Mzunguko wake ulikuwa wa siku 30, umetulia kama saa. Nilipomwomba tarehe, hedhi zake zilikuwa zikianza karibu na tarehe 28. Mumewe alikuwa akifika tarehe 30 na kuondoka tarehe 2 au 3. Kwa maneno mengine, alikuwa akimkuta katika siku ya 3 ya hedhi na kumwacha ndiyo kwanza inakauka. Siku zake za rutuba zilikuwa kati ya tarehe 8 na 13, wakati mume yuko lindoni umbali wa mamia ya kilomita.

Watu hudhani kwamba jambo hili litajirekebisha, kwamba mwezi mmoja tarehe zitakutana tu. Kwa mwenye mzunguko wa siku 30 halijirekebishi upesi. Mizunguko 12 ya siku 30 ni siku 360, kwa hivyo kwa mwaka mzima hedhi yake husogea kwa siku 5 tu. Mume akifika kila mwisho wa mwezi, atamkuta karibu katika siku zilezile mara 12. Huyu mama hakuhitaji dawa yoyote. Mume alibadilishana zamu na mwenzake akawa anakuja katikati ya mwezi, na mwezi wa nne hedhi haikuja.

Ikiwa mume hawezi kubadili tarehe, basi mke na asafiri. Nauli ya basi ni ghali, lakini ni nafuu kuliko yale wengi hutumia kwa waganga na kwa vipimo visivyohitajika.

Ute: ishara iliyo bora

Kalenda huangalia miezi iliyopita. Mwili nao hutoa habari za mwezi huu, na habari iliyo bora ni ute utokao ukeni. Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, alianza kuuchunguza mwaka wa 1953, na baadaye mkewe Evelyn, naye daktari, akajiunga naye katika kazi hiyo. Wakenya wengi wamelisikia jina la Billings parokiani, likitajwa kama njia ya kupanga uzazi. Basi njia hiyohiyo humfaa anayetafuta mimba. Atumie tu zile siku ambazo mwenzake huziepuka.

Baada ya hedhi kwisha, siku kadhaa huwa kavu. Kisha hutokea ute mzito, unaonata, wenye rangi ya maziwa au umanjano hafifu. Huo bado. Homoni ya estrojeni inapopanda kwa sababu yai linakomaa, ute hubadilika ukawa mwingi, mwepesi, unaong'aa na kuteleza, mfano wa ute wa yai bichi la kuku. Ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada na kuvitenganisha vidole polepole, huvutika kama uzi bila kukatika. Wengine hawauoni, ila huhisi utelezi wanapojipangusa. Hisia hiyo nayo yatosha.

Ute huu ndio njia na chakula cha mbegu za kiume. Ule mzito huzizuia mlangoni. Siku ya mwisho ya utelezi ndiyo kilele, na yai hutoka siku hiyo au karibu nayo. Baada ya hapo, projesteroni huurudisha ute kuwa mzito na mkavu kwa siku moja tu, na mlango umefungwa.

Ujiangalie mara mbili tatu kwa siku, kabla ya kwenda haja ndogo, kwa karatasi safi ya msalani. Uandike kwenye kalenda kila jioni: kavu, nzito, inateleza. Mwezi wa kwanza utachanganyikiwa, wa pili utaanza kuona mpangilio. Na ukiona utelezi usisubiri kesho ili uhakikishe. Ukutane na mumeo usiku huo, na siku moja au mbili baadaye tena, hadi ukauke.

Yako mambo yanayodanganya. Shahawa za jana huonekana kama ute. Uchafu unaowasha, unaonuka, au ulio kama maziwa yaliyoganda ni dalili ya maambukizi na huhitaji matibabu. Na kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa yoyote huuondoa ute huu na kuwaua vijidudu wa kawaida wanaoulinda uke. Maji ya kuosha nje yatosha.

Joto la mwili, vijiti na simu

Projesteroni hupandisha joto la mwili kidogo, kati ya digrii 0.2 na 0.5 za Selsiasi. Mwanamke akijipima kwa kipimajoto kila alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, ataona joto likipanda baada ya yai kutoka na kubaki juu hadi hedhi. Mimi huipenda njia hii kwa sababu moja: huthibitisha kwamba yai hutoka. Kwa kuchagua siku haifai sana, maana likipanda siku zenyewe zimepita. Tena malaria, mafua, pombe ya jana au usiku wa kunyonyesha mtoto huvuruga kila kitu. Muuguzi wa zamu ya usiku asijisumbue nayo.

Kwenye maduka ya dawa kuna vijiti vya kupima mkojo, ambavyo huonyesha ile homoni ya pituitari inayolisukuma yai. Ikionekana kwa nguvu, yai hutoka kati ya saa 24 na 36 zijazo, kwa hivyo kijiti hukuonya kabla. Ni vizuri, ila usinywe maji mengi kabla ya kupima, na mwenye mzunguko usiotulia ataviteketeza vingi bila jibu. Kwa wanawake ambao ovari zao zimejaa vifuko vidogovidogo na ambao hedhi zao hupotea kwa miezi, vijiti hivi vyaweza kuonyesha "ndiyo" siku nyingi ilhali hakuna yai.

Na zile programu za simu? Nyingi hufanya kazi ya kalenda kwa rangi za kupendeza. Simu haioni ovari. Ikiwa imekuambia leo ni siku kavu na wewe unaona utelezi, uamini mwili wako.

Kosa la siku ya 14 limeingia hata katika maabara. Kuna kipimo cha damu cha projesteroni ambacho wengi hukiita "cha siku ya 21". Kipimo hicho hufaa kikifanywa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hiyo ni siku ya 21. Kwa mwenye mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28, na akipimwa siku ya 21 ataambiwa hana yai, apewe dawa za kulichochea, ilhali ndiyo kwanza linatoka siku hiyo. Kwa hivyo mama, ukitumwa kupimwa, mtajie daktari urefu wa mzunguko wako hata asipokuuliza.

Yasiyo na msingi

Mwanamume hana haja ya kujizuia wiki mbili "kukusanya nguvu". Mbegu zilizokaa muda mrefu hupungua kasi. Kukutana kila siku au kila baada ya siku moja ndiko kunakofaa. Mke hahitaji kuinua miguu ukutani, wala asiogope maji yanayorudi nje; mbegu zinazohitajika huingia kwenye ute kwa muda mfupi. Mate na mafuta ya kujipaka yaepukwe, kwani huzidhuru mbegu au kuzizuia. Wanaodai kwamba kukutana mapema huleta msichana na kukutana siku ya yai huleta mvulana, utafiti ule wa 1995 uliliangalia jambo hilo na haukuona tofauti.

Isitoshe, waliokuwa wakidungwa sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu wajue kwamba mayai huchukua muda kurudi. Miezi 10 tangu sindano ya mwisho si ajabu. Haina maana kwamba sindano imeharibu kizazi.

Kwa wale ambao mmoja wao ana virusi vya Ukimwi, kuzijua siku hizi ni muhimu zaidi. Mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku, na kipimo kikaonyesha kwamba virusi katika damu havionekani tena, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Asiye na virusi naye aweza kupewa dawa za kinga, ambazo serikali ilianza kuzitoa nchini kote mwaka wa 2017. Mzungumze na kliniki yenu kabla ya kuacha mpira, kisha mchague siku za utelezi pekee.

Ikiwa bado

Kati ya mke na mume 100 wanaokutana mara kwa mara, zaidi ya 80 hupata mimba katika mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya waliobaki huipata katika mwaka wa pili. Mwaka ukipita bila mimba, njooni hospitalini. Mke aliyetimiza miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Na kuna wasiopaswa kungoja kabisa: ambaye hedhi zake hupotea kwa miezi, mwenye maumivu makali ya hedhi yanayozidi mwaka hadi mwaka, na aliyewahi kuugua kisonono, klamidia au homa kali ya tumbo baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Magonjwa hayo huacha makovu yanayoziba mirija, na mrija ulioziba haufunguliwi kwa kuhesabu siku.

Nimesema "njooni", yaani wawili. Katika karibu nusu ya visa, mume ana sehemu yake katika tatizo. Hata hivyo ni kawaida mke kupigwa picha za mirija, kunyweshwa dawa, hata kupasuliwa, kabla ya mume kutoa shahawa zikapimwe. Kipimo hicho hakiumi na ni rahisi kuliko karibu vyote atakavyofanyiwa mkewe. Mume ajizuie kwa siku 2 hadi 7, atoe kwenye kikopo cha maabara, na kifike kwa wapimaji ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Majibu yakiwa mabaya yarudiwe baada ya miezi 3, kwa sababu huo ndio muda wa mbegu mpya kutengenezwa, na homa ya mwezi uliopita ingeweza kuziharibu. Kuwa na nguvu za kiume kitandani hakuonyeshi chochote kuhusu mbegu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nimelazimika kulieleza hili kwa wanaume wengi walioketi mbele yangu wamekunja mikono.

Wakati mnaendelea kutafuta, mke ameze tembe ya asidi ya foliki ya mikrogramu 400 kila siku. Uti wa mgongo wa mtoto huumbika mapema sana, kabla ya wengi kujua kwamba wana mimba, na tembe hii hupunguza kasoro zake.

Hedhi ikichelewa, subiri ipite siku yake kwa juma moja ndipo upime mkojo. Kupima mapema huleta majibu ya uongo na machozi bure. Kipimo kikionyesha mimba, kisha yakaja maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au matone ya damu, usingoje asubuhi. Huenda mimba imetunga ndani ya mrija, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitalini usiku huohuo.